Sokwe Mtu Mbele ya Jaji

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita basi nililokuwa nikisafiri nalo kutoka Dodoma kwenda Singida liliharibika Mkiwa, pale ambapo barabara ya kutoka Itigi inaungana na barabara kuu. Wasafiri wa njia ile wanapafahamu. Kuna vibanda vya chai, kuna kuku wa kienyeji wanaouzwa wakiwa wamefungwa miguu, kuna chupa za asali na madumu ya mafuta ya alizeti. Dereva alituambia tungoje nusu saa. Utingo, ambaye katika mabasi yetu huwa mkweli kuliko dereva, alisema saa tatu. Basi nikaingia katika banda la mama lishe mmoja, nikaagiza chai na chapati, nikakaa.

Nje ya banda lile, kwenye shina la mti, alikuwa amefungwa tumbili. Kamba ilizungushwa kiunoni, urefu wake kama hatua mbili, na ardhi yote ambayo kamba ile ilifika ilikuwa imekanyagwa hata ikawa ngumu kama sakafu. Abiria walimtupia maganda ya ndizi, watoto wakacheka. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akinywa chai karibu nami akamwambia mwenye banda: "Mama, huyu ni mali ya Serikali. Siku watu wa wanyamapori wakipita hapa utajieleza." Yule mama akajibu bila ya kuacha kusukuma chapati: "Shikamoo yako nimekupa asubuhi, mwalimu, sasa niache nifanye kazi. Mama yake aliuawa shambani, kwenye mtama. Nimemlea kwa uji tangu akiwa mdogo kama panya. Nikimfungua leo, mbwa wa hapa watamla kabla jua halijazama."

Mimi, kwa kiherehere cha mtu anayesoma magazeti mengi, nikaingilia. Nikawaeleza kwamba huko Marekani kuna mawakili waliokwenda mahakamani kudai sokwe waachiwe huru kutoka katika vizimba vyao. Mwalimu alicheka mpaka chai ikamwagika. Mama hakucheka. Aliuliza: "Sokwe ana wakili?" Kisha akaniambia kwamba mdogo wake wa kiume yuko mahabusu, huu mwaka wa pili. Kila akipelekwa mahakamani anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Wakili hajawahi kumwona kwa macho.

Sikuwa na jibu. Nimelibeba swali lile hadi hapa studio, na leo nataka tulizungumze.

Tuanze na kesi zenyewe. Mwezi Desemba 2013 shirika linaloitwa Nonhuman Rights Project, likiongozwa na mwanasheria Steven Wise, lilifungua mashauri katika mahakama za jimbo la New York kwa niaba ya sokwe mtu wanne. Mmoja aliitwa Tommy, aliyekuwa akifugwa na mtu binafsi katika mji wa Gloversville. Wa pili, Kiko, alikuwa kwa mtu binafsi huko Niagara Falls. Wawili wa mwisho, Hercules na Leo, walikuwa wakitumiwa katika utafiti wa viungo na mwendo kwenye chuo kikuu cha Stony Brook. Mawakili hawakudai fidia. Hawakusema kizimba ni kidogo wala chakula ni kibaya. Walidai hati ambayo wanasheria huiita kwa jina lake la Kilatini, habeas corpus.

Hati hiyo ni ya zamani na imeingia hata katika sheria zetu, kwani Mahakama Kuu ya Tanzania ina uwezo wa kuitoa. Maana yake si ngumu. Mtu yeyote anaposhikiliwa, mwingine anaweza kwenda kwa jaji akasema: fulani amefungiwa mahali fulani bila ya haki. Jaji akiona dai lina uzito humwamuru mwenye kumshikilia amlete mfungwa mbele yake na aeleze ni kwa sheria gani anamshikilia. Asipokuwa na sheria, mfungwa huondoka kwa miguu yake. Uzuri wa hati hii ni kwamba mfungwa mwenyewe hahitaji kuja kuomba. Anaweza kuombewa na mgeni. Na ubaya wake, kwa upande wa sokwe, ni kwamba imeandikwa kwa ajili ya mtu.

Mawakili wale walijua hivyo, na ndiyo sababu walikwenda na kesi ya mwaka 1772 mkononi. Mwaka huo mtumwa mmoja Mwafrika, James Somerset, aliyepelekwa Uingereza na bwana wake kutoka Amerika, alikimbia, akakamatwa, akatiwa minyororo ndani ya meli ili akauzwe Jamaica. Waingereza waliomhurumia walikwenda kwa Jaji Mkuu, Lord Mansfield, wakaomba hati ile ile. Kwa sheria za koloni alikotoka Somerset alikuwa kitu, kama meza. Jaji hakukataa kumsikiliza kwa sababu hiyo. Alimsikiliza, kisha akamwachia.

Hapa naomba niseme la moyoni. Ulinganisho huu haunipendezi. Misafara ya Tabora kwenda Bagamoyo ilipita katika nyika ile ile ya Mgunda Mkali iliyo jirani na Mkiwa, na watu waliokufa njiani hawana hata kaburi. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922 tu; ni jana. Mtu ambaye bibi wa bibi yake alitembezwa pale akiwa na pembe ya ndovu begani halafu aambiwe kwamba kesi ya mtumwa ni mfano mzuri wa kesi ya sokwe, atasikia tusi, hata kama aliyesema hakutukana. Najua mawakili hawakumlinganisha Mwafrika na sokwe. Walichosema ni kwamba sheria imewahi kumwita kitu yule ambaye hakuwa kitu, na ikajirekebisha. Hoja ni ya kweli, lakini kwa masikio ya huku ilifaa kutafutiwa mlango mwingine.

Mlango mwingine upo, nao ni neno lenyewe "mtu". Sheria ina watu wa aina mbili. Kuna mtu wa nyama na damu, na kuna nafsi ya kisheria, yaani chochote ambacho sheria imekubali kukihesabu kuwa kinaweza kumiliki, kudai na kudaiwa. Kampuni ni mtu wa namna hiyo. Halmashauri ya wilaya ni mtu. Chama cha ushirika kikikopa kikashindwa kulipa, kinashtakiwa chenyewe kwa jina lake, ingawa hakijawahi kula ugali wala kuumwa jino. Kwa hiyo anayesema kwamba mahakama haiwezi kumhesabu mtu asiyekuwa binadamu hajapita karibu na mahakama yoyote. Zinafanya hivyo kila siku.

Faida ya kuhesabiwa inaonekana vizuri katika kisa cha Austria. Sokwe mmoja aitwaye Hiasl alikamatwa Sierra Leone akiwa mchanga, akapelekwa Austria mwaka 1982 kwa ajili ya maabara. Hakufika maabara, alilelewa na watu wema. Miaka ilipopita, mahali alipotunzwa pakafilisika. Wakajitokeza watu wa kumchangia gharama za kuishi, lakini sheria ikasimama katikati: kitu hakipokei zawadi. Fedha zingekuwa za mahali pale palipofilisika, na wadai wangeweza kuzichukua. Ndipo wakaenda mahakamani mwaka 2007 kuomba Hiasl awekewe mlezi wa kisheria, kama anavyowekewa yatima. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa mwaka uliofuata. Hiasl hakuwa mtu, na hakuna mlezi wa kisichokuwa mtu.

Kiswahili chetu kina utani katika jambo hili. Mnyama huyu hatumwiti sokwe tu. Ili kumtofautisha na jamaa yake gorila tunamwita sokwe mtu. Waliompa jina hilo hawakuwa na shahada ya sheria, walitumia macho. Tena katika sarufi yetu hakuna mahali pa kumfanya mnyama kitu. Kiti kinavunjika, lakini sokwe anakula, analala, anamlilia mamaye. Yumo katika ngeli moja na jaji. Bila shaka mbuzi naye yumo humo, na tunamla kila sikukuu, kwa hiyo sarufi haitatufikisha mbali. Lakini Mzungu aliyezoea kutumia kiwakilishi kimoja kwa mnyama na kwa jiwe ana safari ndefu kidogo kuliko sisi kufika kwenye swali lenyewe.

Na mambo mengi yanayotumiwa katika kesi hizi kama ushahidi yalitoka kwetu. Jane Goodall alishuka katika ufuko wa Gombe, Kigoma, tarehe 14 Julai 1960. Mwaka ule ule alimwona dume mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akivunja kijiti, akikisafisha majani, akikitumbukiza katika kichuguu na kuvuta mchwa wa kula. Mpaka siku hiyo vitabu vilisema ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Wakubwa wa vyuo walimkemea kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba, yeye akaendelea. Mmoja wa wanyama wale, jike lililoitwa Flo, lilipokufa mwaka 1972 gazeti la The Sunday Times la London liliandika tanzia yake. Mama Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alikuwa pia katika bodi ya lile shirika la Steven Wise. Njia ya kutoka Kigoma hadi mahakama za New York haikuwa ndefu kama inavyoonekana.

Sasa majaji walisema nini? Tarehe 4 Desemba 2014 mahakama ya rufani iliyoko Albany iliamua shauri la Tommy. Ilisema haki huenda pamoja na wajibu. Sokwe hawezi kubeba wajibu wa kisheria, hawezi kuwajibishwa kwa matendo yake, kwa hiyo hawezi kuwa na haki ambayo sheria inampa mtu.

Jibu hili linapendeza kwa mara ya kwanza kulisikia. Mwalimu wangu wa Mkiwa angelipigia makofi. Na sisi tunao mfano wetu unaolipa nguvu, mfano mchungu. Mwaka 2002, ndani ya hifadhi ya Gombe, dume mmoja mkubwa aitwaye Frodo, mjukuu wa yule Flo, alimnyakua mtoto mdogo aliyekuwa amebebwa mgongoni, akamuua. Hakuna aliyemfungulia Frodo mashtaka, wala isingewezekana. Aliachwa, akaishi hadi 2013. Wazazi wa mtoto yule hawakuwa na mtu wa kumfikisha mahakamani. Mtu akisema sokwe apewe haki, mzazi wa Kigoma anayo haki ya kuuliza: na hii ya mwanangu nimdai nani?

Lakini hoja ya wajibu ina tundu kubwa. Mtoto aliyezaliwa leo asubuhi katika hospitali ya mkoa hana wajibu wowote. Hawezi kushtakiwa. Mgonjwa aliyepoteza fahamu naye vilevile. Hata hivyo ukimfungia mmoja wao stoo, hati itatoka siku hiyo hiyo. Mahakama ya Albany iliona tundu hilo ikajaribu kuliziba kwa kusema kwamba binadamu, wakihesabiwa kwa pamoja, wanabeba wajibu. Yaani unapata haki kwa sababu ya ukoo wako. Hapo ndipo mimi ninapoanza kupata wasiwasi, maana tumewahi kusikia habari za haki zinazotolewa kwa ukoo.

Mwaka 2015 Jaji Barbara Jaffe wa mjini New York aliamuru chuo cha Stony Brook kifike mbele yake kueleza kinawashikilia vipi Hercules na Leo. Ulikuwa wito tu, lakini dunia nzima iliandika kwamba sokwe wamepata haki za binadamu. Mwezi Julai mwaka huo akatoa hukumu: amefungwa mikono na uamuzi wa mahakama iliyo juu yake, anakataa. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya New York, ambayo kwa jimbo hilo ndiyo ya juu kabisa, ilikataa hata kulisikiliza suala la Tommy na Kiko. Jaji mmoja, Eugene Fahey, alikubaliana na wenzake katika kukataa, lakini akaandika maoni yake pembeni kwamba suala hili halitaondoka, na kwamba hata kama sokwe si mtu, hakuna shaka kuwa si kitu tu. Miaka minne baadaye mahakama hiyo ilisikiliza kesi ya tembo aitwaye Happy wa bustani ya wanyama ya Bronx. Alishindwa kwa kura tano dhidi ya mbili. Kura mbili, ndugu msikilizaji, kwa tembo.

Walioshinda ni wachache. Aliye maarufu ni Cecilia, sokwe jike wa bustani ya wanyama ya Mendoza nchini Argentina. Wenzake wawili walikufa, akabaki peke yake katika kizimba cha saruji. Mwezi Novemba 2016 Jaji María Alejandra Mauricio alimtangaza kuwa nafsi ya kisheria isiyo binadamu, akaamuru apelekwe katika makazi ya sokwe huko Sorocaba, Brazil. Alihamishwa mwaka 2017. Nilipokuwa nasoma habari zake nilikumbuka jina la kituo nilichokwama. Jina la mahali ni la wenyeji na sitalitafsiri mimi. Lakini kwa Kiswahili mkiwa ni yule aliyebaki peke yake, asiye na ndugu wa kumlilia. Jaji wa Mendoza, kwa maneno mengi ya Kihispania, alisema Cecilia ni mkiwa.

Hercules na Leo nao waliondoka maabara. Mwaka 2018 walifika katika makazi ya sokwe jimboni Georgia. Si mahakama iliyowapeleka. Kesi iliyoshindwa ilikuwa imewapa majina na sura, watu wakaona aibu, na wakati huo huo Serikali ya Marekani ilikuwa imewaweka sokwe wote wa nchini humo, hata waliozaliwa vizimbani, katika orodha ya wanyama walio hatarini, na taasisi yake kuu ya utafiti wa afya ikatangaza Novemba 2015 kwamba haitagharimia tena utafiti juu ya sokwe.

Je, kwetu? Mwalimu wa Mkiwa alikuwa sahihi kabisa kuhusu tumbili. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama wote wa porini ni mali ya umma, iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kumfunga tumbili kwenye mti bila ya kibali ni kushika mali ya watu wote. Mkumbuke kisa cha Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga wanne, waliposafirishwa kwa ndege ya kijeshi kutoka uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Kesi ilifunguliwa, na mwaka 2014 mahakama mjini Moshi ikamhukumu raia mmoja wa kigeni ambaye alikwisha kutoroka. Lakini katika kesi ile aliyeibiwa alikuwa nani? Ilikuwa Serikali. Twiga walihesabiwa kwa shilingi, kama mashine. Hakuna aliyeuliza twiga wenyewe walipatwa na nini.

Ni haki kusema kwamba tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inatambua kuwa mnyama ni kiumbe mwenye hisia na inafanya ukatili juu yake kuwa kosa. Punda anayepigwa na tela lake Manzese analindwa na sheria hiyo, ingawa hajapata habari. Na Arusha, katika Mahakama ya Afrika Mashariki, shirika la kutetea wanyama la Nairobi liliishtaki Tanzania kuhusu mpango wa kujenga barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa Serengeti. Serikali ilihoji hao ni nani hata waje kusema kwa niaba ya nyumbu. Mahakama iliwasikiliza, na mwaka 2014 ikazuia barabara ile ya lami ndani ya hifadhi. Nyumbu hawakutajwa kuwa watu. Uliotumika ni Mkataba wa Jumuiya. Waganda wamekwenda mbele zaidi. Sheria yao ya Mazingira ya mwaka 2019 inasema wazi kwamba maumbile yana haki ya kuwepo na kudumu, na mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa.

Sasa nirudi kwa mbwa wa Mkiwa, kwa maana mama yule alisema jambo ambalo mawakili wa New York walilipa kurasa chache kuliko lilivyostahili. Uhuru wa kwenda wapi?

Jibu moja liko Ziwa Victoria, na ni la zamani kuliko kesi zote hizi. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, yule yule wa Serengeti, alileta sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya na kuwaachia katika kisiwa cha Rubondo. Walikuwa wamezaliwa katika misitu ya Afrika Magharibi, wakakamatwa wakiwa wadogo, na wengine walikuwa wamekaa vizimbani hadi miaka tisa. Walikuwa wamezoea kulishwa kwa mkono na kutazamwa na watoto siku za Jumapili. Hawakufundishwa lolote. Milango ilifunguliwa, wakaingia msituni. Wataalamu wengi wangesema watakufa wote. Hawakufa wote. Walichungulia matunda, wakajifunza lipi linalika. Katika muda wa mwaka mmoja walikuwa wakijijengea vitanda vya matawi mitini kama sokwe wengine, jambo ambalo baadhi yao hawakuwa wameliona tangu utotoni. Wakazaa. Leo ni makumi kadhaa, na wengi wao ni wajukuu na vitukuu ambao hawajawahi kuona nondo. Wanawakimbia watu, hata TANAPA imelazimika kutumia miaka kuwazoesha ili watalii wawaone.

Hakuna jaji aliyeamuru hayo. Ilitosha mtu mmoja mwenye jina na Serikali changa iliyokubali.

Lakini simulizi la Rubondo lina kurasa mbili ambazo watalii hawasomewi. Ya kwanza, madume wawili waliozoea watu mno walianza kuwashambulia watu, wakapigwa risasi. Waliolelewa na binadamu hawakumwogopa binadamu, na hiyo ndiyo iliyowaua. Ya pili ni kwamba kisiwa hakikuwa kitupu. Kilikuwa na wenyeji wake, wavuvi na wakulima, na kilipofanywa pori la akiba miaka hiyo ya sitini walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa. Kwa hiyo sokwe wa Ulaya walipata nchi, na watu wa Rubondo wakaipoteza. Sisemi Grzimek alifanya vibaya kuwatoa wanyama vizimbani. Nasema uhuru wa mnyama huwa na anwani, na aghalabu kwenye anwani hiyo kuna mtu aliyekuwa akiishi.

Majirani zetu wamechagua njia ya katikati. Kule Uganda, kisiwa cha Ngamba karibu na Entebbe kilipokea sokwe yatima kuanzia 1998; Kenya ina makazi ya Sweetwaters, Laikipia, yaliyoanzishwa 1993 kwa sokwe waliokimbizwa vita vya Burundi. Wanapanda miti mchana, na jioni huitwa kula. Si huru, wala si wafungwa. Labda hiyo ndiyo hali ambayo mahakama yoyote ikiwapa ushindi itaishia kuwapa, kama ilivyompa Cecilia.

Naam, na yule mama? Fundi alimaliza saa kumi na moja jioni. Kabla sijapanda basi nilimwambia lile ninalolijua. Kwamba ndugu yake akiwa kituo cha polisi siku kadhaa bila ya kufikishwa mbele ya hakimu, hapo ndipo hati ya Mahakama Kuu inapohitajika. Lakini yeye amekwisha kufikishwa, na shtaka lake ni la yale yasiyo na dhamana, kwa hiyo hati haitamsaidia. Anahitaji mtu wa kusimama kila kesi inapotajwa na kuuliza upelelezi umefika wapi. Kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hawadai ada, na wengine wako wilayani. Alisikiliza yote. Halafu akasema: "Kwa hiyo sokwe ana hati, na mdogo wangu ana tarehe."

Sikuweza kumbishia. Niliweza kumweleza tu kwamba hata sokwe hati hakuipata, na kwamba mahakama yoyote itakayozoea kumuuliza mlinzi wa kizimba kwa nini ameshikilia funguo haitaona tabu kumuuliza askari. Yeye akaniangalia kama mtu anayemwangalia msomi.

Alinipa namba ya kesi, imeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi ya sukari. Nimempelekea msaidizi mmoja wa kisheria, na ameahidi kwenda tarehe ijayo ya kutajwa. Kuhusu tumbili nilimwachia namba ya ofisi ya wanyamapori, nikamweleza kwamba akiwaita mwenyewe watamchukulia vingine kuliko wakimkuta. Alisema atafikiri. Basi lilipoondoka nilimwona akiongeza kamba, kama hatua moja hivi, ili mnyama afike kwenye kivuli.